Fahali wa Ukutani

Jumanne, 1 Julai 2025

Baridi kali. Wakwe wanakuja!

Gideon, kijana wa Ubaruku anayetaka kumuoa Benedicta wetu, ametuma mshenga. Ukoo wao utafika hapa Ipogolo Jumamosi ya tarehe 19 kuzungumza mahari. Ni wafugaji waliohamia Usangu kutoka Shinyanga, wana ng'ombe, wana mpunga, wana kila kitu. Atakayewasemea ni baba mkubwa wa Gideon, mzee Budeba Kashindye. Mshenga ametuonya kwamba mzee huyo hajawahi kukubali jambo lolote siku ya kwanza.

Nimeitazama sebule yetu kwa macho ya mzee Budeba. Aibu tupu. Ukuta wa mlangoni una ufa unaojipinda kama Mto Ruaha. Ukuta wa pili una unyevu. Mke wangu Yunisi anasema tupake rangi, basi. Rangi! Kila mtu ana rangi. Jirani yetu Sosthenes ana rangi, na juu ya hiyo ameweka dari ya jipsamu yenye taa nyekundu na bluu zinazozunguka. Ukinywa chai kwake unajihisi uko ndani ya gari la zimamoto.

Mimi ni fundi redio. Fundi hakimbilii rangi. Fundi anatafuta njia.

Jumatano, 2 Julai

Njia imepatikana! Nimeona kwenye simu nyumba moja ya Ulaya, kuta zote zimejaa mabango ya karatasi ya zamani: sabuni, meli, baiskeli. Mama mwenye nyumba anaeleza kwamba hiyo inaitwa vinteji, na kadiri bango linavyochakaa ndivyo heshima yake inavyopanda.

Nikaitazama sebule upya. Kumbe tuko nusu ya safari! Nyumba yenyewe ni vinteji, inakosa mabango tu.

Nikamweleza Yunisi kwa kirefu. Alikuwa anachambua mchele. Akaniacha nimalize, kisha akasema, "Baba Benedicta, paka rangi."

Ijumaa, 4 Julai

Masumbuko, mlinzi wa jengo ambalo zamani lilikuwa zahanati, alikuwa anachoma takataka nyuma ya ukuta. Nikafika kwa wakati. Nimeokoa mzigo mzima wa mabango ya afya! Yamekuwa ya manjano kama chai ya maziwa, pembe zimeliwa na mende. Vinteji halisi.

Kuna mbu mkubwa kama kuku. Kuna mikono inayonawa. Kuna mtoto anayetabasamu huku tumbo lake limechorwa wazi na ndani minyoo imejikunja kama tambi. Kuna mama mjamzito chini ya chandarua. Na kuna twiga mrefu mwenye namba shingoni, sijui wa nini, lakini ana macho mazuri.

Masumbuko aliuliza nayapeleka wapi. Nikamwambia sebuleni. Akacheka mpaka moto wake ukazimika.

Jumapili, 6 Julai

Nilibaki nyumbani, nikamwambia Yunisi kifua kinabana. Alipokwenda kanisani nikapika uji mzito wa ngano na kubandika mabango yote. Kufika ibada ya pili sebule ilikuwa imebadilika kabisa. Nikakaa kwenye kochi, nikajiona niko Ulaya.

Lakini baridi hii! Uji haukukauka. Yunisi alipofungua mlango, mabango yalikuwa yanateremka taratibu, yote kwa pamoja, kama watu wanaotoka mnadani. Mbu alimwangukia kichwani. Alimtoa, akamkunja vizuri, akaniuliza ni mgeni gani nitakayemkalisha mkabala na minyoo wakati wa kula. Nikajibu kwamba nimeshafikiria, mzee Budeba atamwangalia twiga.

Akasema hawa ni watu wa ng'ombe, twiga wa nini?

Akaondoka akidhani amenishinda. Hakujua amenipa wazo kubwa kuliko yote. Ng'ombe! Ninahitaji ng'ombe!

Nimemuuliza Masumbuko. Anasema shemeji yake Danieli, anayeuza viatu vya mtumba Mbalizi, ana bango la ng'ombe la enzi hizo, ukubwa wa mlango.

Jumatano, 9 Julai

Nimerudi. Nikiandika natetemeka kwa baridi.

Jana nilimwambia Yunisi nakwenda kununua rangi. Sikusema wapi. Nikapanda basi la Mbeya, nikaunganisha mpaka Mbalizi, nikamkuta Danieli amekaa katikati ya viatu visivyo na wenza. Alilikunjua bango juu ya turubai. Nikashika moyo.

Fahali! Mwekundu, nundu kama mlima, pembe zimesimama, anakutazama kana kwamba anakudai maji. Kila kiungo kina mshale na jina lake: nundu, kidari, paja, kwato. Juu, kwa herufi kubwa: MJUE NG'OMBE WAKO.

Danieli hakutaka hela. Hela anazo, alisema, asichonacho ni koti. Akaliangalia langu. Ni koti la suti yangu ya harusi, nililovaa ili nionekane mnunuzi wa maana, na ndilo nililokusudia kumpokelea mzee Budeba. Nikasita kidogo. Fahali akanitazama. Nikavua.

Kurudi, basi liliharibika Makambako. Upepo wa Makambako haumjui mtu. Nilijifunika fahali mabegani na mama mmoja akaniuliza kama mimi ni mganga.

Yunisi alikuwa mlangoni. Akauliza rangi iko wapi. Nikakunjua bango. Akamtazama fahali, akanitazama mimi na shati langu, akaenda jikoni. Nikasikia sufuria zinawekwa chini kwa nguvu isiyohitajika.

Ijumaa, 11 Julai

Uji wa ngano sasa nimeuchanganya na gundi ya mafundi seremala. Kopo zima! Fahali nimempa ukuta wa sebule unaopakana na chumba chetu cha kulala, peke yake, kama mfalme. Wengine wamerudi sehemu zao. Nimevuta kwa mikono miwili kujaribu. Hata ukope haukucheza. Nyumba itabomoka, fahali atabaki.

Benedicta amepiga simu kutoka Mafinga, anakofundisha chekechea. Aliuliza maandalizi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, baba yake ana mpango. Akasema, "Baba, nakuomba. Usifanye kitu."

Mtoto mzuri. Hataki nijichoshe.

Jumatatu, 14 Julai

Jambo la ajabu. Asubuhi nilifungua madirisha ili gundi ipate hewa. Nikaenda kunawa. Kurudi, nikamkuta mama kijana kwenye kochi, mtoto mgongoni, kadi ya kliniki mkononi. Akanisalimia, "Shikamoo daktari."

Anaitwa Jackline, amehamia mtaa huu hivi karibuni. Alimwona mbu dirishani, akajua hapa ndipo zahanati. Kabla sijamaliza kumweleza habari za vinteji, wakaingia wengine wawili. Kumbe yule twiga ni wa kupimia watoto! Walimsimamisha mtoto mmoja pale na kumsifu kwamba amefika kwenye goti la twiga. Sikuweza kuwafukuza, nje kulikuwa na ukungu. Nikawapikia chai.

Mchana walikuwa wamejaa mpaka barazani. Nikaambiwa Sosthenes ndiye anayewaelekeza. Nikamfuata kwa hasira. Akasema kwa uso mkavu kwamba alidhani ananisaidia, kwa kuwa redio siku hizi hazina wateja. Kisha akauliza kama ninang'oa na meno.

Wivu! Taa zake zinazunguka lakini hakuna anayekwenda kuzitazama.

Jumatano, 16 Julai

Leo amekuja mwenyekiti wa mtaa, mama Juliana, na sura ya kazi. Akasema amesikia nimefungua zahanati bila kibali. Nikamwambia hapana, haya ni maonyesho ya sanaa. Akasema maonyesho nayo yana kibali chake. Nikamwambia basi ni nyumba tu. Akamwonyesha kidole twiga na kuniuliza ni nyumba gani inayopima urefu.

Nikaona naelekea kubaya. Nikamtazama machoni na kusema kwamba nimejitolea. Nyumba yangu ni ya wananchi.

Uso wake ukalainika papo hapo! Akasema Mungu amewajibu. Ukumbi wanaopimia watoto kila mwezi umeezuliwa mabati kwa matengenezo, na nesi alikuwa hajui pa kwenda. Je, nitawakubalia Jumamosi?

Nikasema Jumamosi yoyote. Nikamshika mkono. Nikamsindikiza hadi barabarani na malori yakatupigia honi. Mara moja nimegeuka kutoka mshitakiwa kuwa mfadhili. Huo ndio ufundi.

Ijumaa, 18 Julai

Yunisi ameuliza hiki kinachoning'inia mlangoni ni nini. Ni mizani ya watoto, nikamwambia, ya kesho.

Ya lini?

Nikaitazama kalenda. Kesho ni Jumamosi. Jumamosi yenyewe!

Nilikimbia kwa mama Juliana. Akasema nesi ameshawatangazia akina mama wote, mpaka wa ng'ambo ya mto, na wamemsifu sana baba Benedicta.

Nimetulia. Nina mpango. Kliniki ni asubuhi. Wageni wanatoka Ubaruku, mbali, hawawezi kufika kabla ya mchana. Mama wa mwisho atatokea mlango wa nyuma wakati mzee Budeba anaingia mlango wa mbele. Hakuna atakayejua.

Benedicta amefika jioni. Alisimama katikati ya sebule na begi mkononi. Akamtazama mbu, akatazama minyoo, akamtazama fahali. Akakaa chini juu ya begi lake. Anampenda sana huyu Gideon, nilimwona alivyokuwa anaikunja leso. Nikamwambia kesho atanishukuru. Mama yake akamwondoa.

Jumamosi, 19 Julai

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umejaa gundi.

Wageni walilala Makambako kwa ndugu yao! Walifika asubuhi, kliniki ikiwa imechanganya. Akina mama wamejaa, watoto wanalia, nesi anaita majina, mizani inabembea. Mimi nilikuwa nimeshika mtoto wa Jackline, sweta langu pekee limelowa kwa sababu mtoto huyo hakuwa na nepi. Nesi alinionea huruma, akanipa koti lake jeupe la akiba. Hapo hapo gari likasimama.

Mzee Budeba ni mrefu. Aliinama kupita mlangoni, kofia mkononi, fimbo kwapani. Nyuma yake Gideon, mshenga na wazee wengine. Nikawasalimu kwa lugha yetu, "Kamwene, karibuni." Akajibu kwa salamu ya kwao, "Mwangaluka." Kisha akasimama akiwatazama watoto mmoja mmoja, polepole, kama mtu aliye mnadani.

Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mkwe, hawa wote ni wa hapa?"

Nikasema ndiyo, ni wa hapa. Nilimaanisha mtaa.

Akawageukia wenzake. "Ukoo huu unazaa," akasema, na wazee wote wakatikisa kichwa kwa heshima. Gideon alifungua mdomo, Benedicta akamtazama kutoka nyuma ya pazia, akaufunga.

Mzee aliketi. Akaliona koti langu. Akasema aliambiwa baba wa binti ni fundi redio, kumbe ni daktari. Nilitaka kukanusha. Lakini alikuwa ameshapandisha suruali na kunionyesha goti linalomsumbua tangu masika. Kumkatalia mgeni si adabu. Nililibonyeza, nikamshauri alikande kwa maji ya moto na apunguze kutembea. Akauliza, na redio? Nikasema hizo nazo natibu.

Nesi akamaliza, akaondoka. Akina mama hawakuondoka. Yunisi alikuwa amefunua sufuria ya pilau na harufu ilikuwa imewafikia. Wakajipanga ukutani kama mashangazi wa bibi harusi.

Mazungumzo yakaanza. Msemaji wetu ni Silvester, kaka yake Yunisi, mtu mwenye sauti ya mahubiri. Alimsifu Benedicta, malezi yake, elimu yake, akaanza kutaja ng'ombe tunaowataka. Mzee Budeba hakuwa anasikiliza. Alikuwa amemtazama fahali.

Akanyanyuka, goti na yote. Akaenda mpaka ukutani, akaweka kiganja juu ya nundu.

"Huyu namfahamu," akasema.

Akasema baba yake alikuwa naye kama huyu, rangi hii, pembe hizi, na jicho hili hili la kukudharau. Mwaka walioamua kuhama kuja Usangu, fahali hakuweza safari. Yeye Budeba, mdogo bado, ndiye aliyeambiwa amfikishe mnadani. Alimfikisha. Alirudi na kamba tupu. Hawakuwa na picha wakati ule, alisema, nani alipiga picha ng'ombe?

Alifuta jicho kwa ukingo wa kofia. Kisha akamgeukia Silvester. "Ng'ombe mliotaja tumekubali wote. Mimi naomba huyu tu, niondoke naye."

Siku ya kwanza! Amekubali siku ya kwanza! Yunisi alifumba macho kwa shukrani. Silvester alikuwa ameshafungua mikono kusema karibu.

Na mimi nikasikia mdomo wangu unasema, "Haiwezekani. Huyu ni vinteji."

Sijui kwa nini. Nilifikiria koti langu. Nilifikiria Makambako. Nilifikiria Sosthenes akija kuona ukuta mtupu. Silvester akanikanyaga mguu. Mshenga akakohoa. Mzee Budeba akaichukua kofia yake na kuivaa. Wazee wote wakavaa kofia zao. Gideon alikuwa amebadilika rangi.

Pazia likasogea. Benedicta akatoka, amevaa kitenge chake kipya, macho mekundu.

"Baba," akasema. Basi. Hilo neno moja.

Akaenda jikoni, akarudi na kisu cha mkate, akaingiza ncha chini ya pembe ya bango na kuanza kubandua. Hakunitazama. Gideon akaenda upande wa pili kumsaidia. Nikawaona wale wawili, mabega yamegusana, wanakwangua gundi yangu. Nikavua koti la nesi, nikaenda kushika chini.

Tatizo ni kopo zima la gundi. Karatasi haikutoka. Tukavuta. Haikutoka. Gideon akasema tuhesabu moja, mbili, tatu. Tatu!

Ukuta ulitoa sauti kama shuka likichanika, kisha kama gunia la mawe. Fahali alipasuka katikati. Kichwa, pembe na nundu vilitoka pamoja na plasta na matofali mawili ya udongo. Paja, mkia na kwato za nyuma zikabaki ukutani. Katikati kuna tundu, na kupitia tundu wageni wote waliona chumba chetu cha kulala na kila kitu ambacho Yunisi alikuwa amekitupia huko asubuhi ili sebule ionekane safi.

Vumbi. Jackline akapiga chafya.

Benedicta alikuwa ameshika pembe moja ya fahali. Akaibeba nusu ile ya mbele, plasta ikidondoka, akapiga magoti na kumkabidhi mzee Budeba kwa mikono miwili. Akasema, "Baba, samahani. Ndiyo iliyotoka."

Mzee aliipokea. Akaitazama. Akautazama mkia ukutani. Mabega yake yakaanza kucheza, nikadhani analia. Alikuwa anacheka! Alicheka mpaka akakalia kochi.

"Kichwa kinakwenda Ubaruku, mkia unabaki Ipogolo," akasema. "Tumegawana ng'ombe mmoja. Sasa tutaachanaje?"

Akina mama wa kliniki wakapiga vigelegele ambavyo naamini vilisikika mpaka mjini, juu kilimani. Mbu akaanguka. Pilau likaliwa lote.

Jumapili, 20 Julai

Nimelala nikiitazama sebule kupitia tundu. Benedicta amerudi Mafinga na Gideon kamsindikiza. Kabla ya kuondoka alinikumbatia muda mrefu, akaniambia nisifanye kitu chochote mpaka harusi. Yunisi naye amesema hivyo hivyo, kwa maneno makali zaidi, kisha akaanza kucheka katikati na kushindwa kumaliza.

Nimewaahidi wote. Nimeachana na mabango.

Jumapili, 27 Julai

Nimekuwa mwaminifu wiki nzima. Lakini juzi nilifikiria jambo: mzee Budeba ameondoka na nusu tu. Ni mtu mkubwa, ametutendea wema, na ukuta wake una nusu ng'ombe. Je, huu ni uungwana? Hapana.

Masumbuko alikuwa na bango moja la mwisho, zuri kupita yote. Baba, mama, na watoto wawili, wote wanacheka mbele ya nyumba yenye maua. Rangi bado mbichi. Juu limeandikwa: WAWILI WANATOSHA. PANGA UZAZI. Nikaongeza chini kwa kalamu nene ya wino: "Kwa mzee Budeba na ukoo wote. Hii ndiyo dua yangu kwa ndoa ya watoto wetu. Mkwe wenu, Timotheo." Jana asubuhi nilimkabidhi kondakta wa basi. Nilimpigia mshenga nikamwomba libandikwe sebuleni, mahali ambapo kila mgeni ataliona. Nikamwelekeza na namna ya kuchanganya gundi.

Yunisi hajui. Namtunzia mshangao.

Simu inaita tangu tutoke kanisani. Ameanza mshenga. Kisha Gideon. Kisha Benedicta, mara nyingi mfululizo. Sasa hivi ni namba nisiyoijua, nadhani ni ya Ubaruku.

Sijapokea bado. Nawaacha kwanza wafurahi.